Lengo la Sukari Liandikwe Daftarini

Daftari la kliniki la mgonjwa wa kisukari hujaa tarakimu. Tarehe, uzito, shinikizo la damu, kisha sukari: 9.4, 7.1, 12.8, ukurasa hadi ukurasa, mwaka hadi mwaka. Kinachokosekana mara nyingi ni tarakimu ambazo hizo zote zilipaswa kulinganishwa nazo, yaani kiwango ambacho mgonjwa huyu, kwa umri wake, dawa zake na hali ya figo zake, anakusudiwa kukifikia. Mhudumu husoma mashine na kusema "imepanda" au "leo afadhali". Mgonjwa huondoka akiwa amesifiwa au amekaripiwa, bila kujua sukari yake ilitakiwa iwe wapi.

Lengo la sukari ni sehemu ya tiba kama ilivyo dozi. Hakuna daktari anayeandika metformin bila kutaja miligramu. Hakuna sababu ya lengo kubaki kichwani mwa daktari peke yake, au lisiwepo kabisa.

Chanzo kimojawapo cha mkanganyiko ni kuchanganya viwango vya kutambua ugonjwa na viwango vya kuutibu. Mtu ambaye hajala usiku kucha akipimwa maabara na sukari ikawa 7.0 au zaidi, na kipimo kikirudiwa kikathibitisha, huambiwa ana kisukari. Tarakimu hiyo humkaa moyoni, naye huiogopa maisha yake yote. Lakini kwa mtu mzima ambaye tayari yuko kwenye matibabu, na ambaye si mjamzito, Chama cha Kisukari cha Marekani hupendekeza sukari iwe kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 saa moja hadi mbili tangu aanze mlo. Kwa hiyo mama anayeamka na 7.0 hakushindwa, bali yuko ndani ya lengo. Na aliyepima saa mbili baada ya ugali akakuta 9.5 hana sababu ya kuinyima familia chakula cha usiku wala ya kujiongezea kidonge.

Kuna na suala la vizio. Mashine nyingi katika kliniki za Tanzania husoma milimoli kwa lita, ilhali ile iliyoletwa na ndugu anayeishi Marekani husoma miligramu kwa desilita. Ya kwanza ikionesha 7, ya pili itaonesha 126, na sukari ni ile ile. Kugawanya kwa 18 kunatosha kumaliza hofu hiyo, lakini lazima mtu aambiwe.

Je, viwango hivi vilitoka wapi? Mwaka 1993 utafiti uliofanyika Marekani na Kanada kwa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza ulionesha kwamba waliofikisha kipimo cha HbA1c karibu na asilimia 7 walipata madhara machache mno ya macho, figo na neva kuliko waliobaki karibu na 9. Mwaka 1998 utafiti wa Uingereza ukathibitisha faida ya namna hiyo katika mishipa midogo ya damu kwa wenye aina ya pili. Tangu hapo asilimia 7 imekuwa kama sheria iliyochongwa kwenye jiwe, na wengi husahau nusu ya pili ya habari: katika utafiti ule wa kwanza, waliodhibitiwa kwa ukali walishukiwa vibaya na sukari takriban mara tatu zaidi. Kisha ukaja utafiti wa ACCORD, uliohusisha watu 10,251 wenye kisukari cha aina ya pili waliokuwa katika hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo. Kundi moja lilipewa lengo la kushuka chini ya asilimia 6. Mwaka 2008 matibabu ya kundi hilo yalisitishwa kabla ya wakati, kwa sababu waliokufa walikuwa 257, dhidi ya 203 katika kundi lililotibiwa kwa upole zaidi.

Hapa ndipo lengo moja kwa wote linapogeuka hatari. Chukua mzee wa miaka 78, figo zimechoka, anatumia glibenclamide, na siku hizi hula kidogo kwa kuwa meno hayapo. HbA1c yake ni asilimia 6.4, na kila anayeiona humpongeza. Usiku hutokwa na jasho na kuongea maneno yasiyoeleweka. Asubuhi wanawe husema ni uzee, jirani husema ni malaria, na wapo watakaosema ni mashetani. Mashine ingepata nafasi ya kusema ingesema 3.1. Kwa mzee kama huyu HbA1c iliyo chini kidogo ya asilimia 8, na sukari ya kati ya 5 na 8.3 kabla ya kula, humlinda zaidi kuliko pongezi. Pengine tiba bora kwake ni kubadilishiwa kidonge kile.

Mjamzito yuko upande wa pili kabisa. Kwake sukari kabla ya kula inatakiwa iwe chini ya 5.3, na saa mbili baada ya kula chini ya 6.7, kwa sababu sukari ya mama humfikia mtoto tumboni na kumkuza kupita kiasi. Tarakimu inayomfaa babu yake ni kubwa mno kwake.

Kila lengo, basi, lina kikomo cha juu na kikomo cha chini, na hicho cha chini ndicho kinachosahauliwa. Chini ya 3.9 ni onyo. Chini ya 3.0 ni hatari. Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge kama glibenclamide na gliclazide anapaswa kujua kwamba akitetemeka, akitokwa na jasho au akichanganyikiwa, apime akiweza. Asipokuwa na mashine, asisubiri. Vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari, kisha apime tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali.

HbA1c yenyewe, pamoja na sifa zake zote, si hakimu asiyekosea. Inaeleza wastani wa miezi miwili hadi mitatu kwa kupima sukari iliyoshikamana na himoglobini, hivyo hutegemea umri wa seli nyekundu za damu. Mwenye selimundu, au aliyeongezewa damu hivi karibuni, anaweza kupata jibu lisilolingana na ukweli. Upungufu wa madini ya chuma nao unaweza kulipandisha. Wastani pia huficha mengi: anayepanda hadi 18 mchana na kushuka hadi 3 usiku anaweza kuwa na jibu zuri kwenye karatasi.

Kipimo cha asubuhi ya kliniki kina udhaifu wake pia. Wahudumu wengi wanajua kwamba baadhi ya wagonjwa hujinyima chakula siku mbili tatu kabla ya miadi ili mashine isiwaumbue. Wengine huwalaumu kwa hilo. Lakini mtu huficha mahali anapokaripiwa, na palipo na lengo lililokubaliwa, 12 huwa swali la kujadiliwa na si kosa la kuungama. Mwenye uwezo wa kununua stripu nne tu kwa mwezi asizimalize asubuhi zote. Moja aitumie kabla ya kula, moja saa mbili baada ya mlo mkubwa, moja kabla ya kulala, na moja aiweke kwa siku atakayohisi vibaya.

Wapo watakaosema kliniki zimefurika na malengo mengi yatawachanganya wagonjwa. Heri wote waambiwe "chini ya saba". Msongamano ni kweli tupu. Lakini mgonjwa hahitaji kujua malengo mengi, anahitaji kujua lake, na hakuna anayechanganyikiwa kwa sababu kiatu cha jirani ni cha namba nyingine. Kinachotakiwa ni mstari mmoja, mathalani: "Kabla ya kula 5 hadi 8; baada ya saa mbili chini ya 10; ikiwa chini ya 4, kunywa sukari kwanza." Uandikwe baada ya kumuuliza mgonjwa anakula saa ngapi, anaishi na nani, na kama anafunga Ramadhani, maana dawa na saa za kupima zitabadilika. Uangaliwe upya figo zikidhoofika, mimba ikiingia, au umri ukisogea.

Mahali pake ni upande wa ndani wa jalada, ambapo hata mhudumu mgeni wa zamu ya usiku ataufikia mara moja. Na daftari likijaa, mstari huo uwe wa kwanza kunakiliwa katika daftari jipya.