Mali Bila Daftari

Wapo wanaoidharau kazi ya katibu. Kwao, serikali ni Waziri Mkuu na mawaziri wake. Waliobaki ni washika kalamu tu. Dharau hiyo ni ya hatari, na historia ya Uingereza inatuonyesha sababu yake.

Hadi Desemba 1916, Baraza la Mawaziri la dola ile, iliyotawala sehemu kubwa ya dunia, halikuwa na katibu wala muhtasari. Kumbukumbu ya kawaida ilikuwa barua ya Waziri Mkuu kwa Mfalme. Mawaziri waliweza kutoka kikaoni kila mmoja na tafsiri yake ya kilichoamuliwa. Ni vita vilivyomsukuma David Lloyd George kuunda sekretarieti chini ya Maurice Hankey: ipange ajenda, isambaze nyaraka, iandike maamuzi na kufuatilia utekelezaji wake. Ndiyo asili ya Ofisi ya Baraza la Mawaziri.

Lakini ofisi haijilindi yenyewe. Mwaka 2004, ripoti ya Lord Butler kuhusu taarifa za kijasusi zilizotangulia vita vya Iraq ilibaini kwamba watumishi waliandaa nyaraka nzuri, ila hazikujadiliwa barazani. Serikali ya Tony Blair ilizoea mno mazungumzo yasiyo rasmi. Kalamu ilikuwapo, ilinyimwa nafasi. Wairaki wanaijua gharama yake.

Na sisi Watanzania je? Kwetu mwenyekiti wa Baraza ni Rais, naye Waziri Mkuu husimamia shughuli za Serikali za siku hata siku. Ibara ya 60 ya Katiba inampa Katibu wa Baraza wajibu wa kuandika na kutunza kumbukumbu za mikutano, na kuwafikishia wahusika maamuzi yake. Msingi upo. Kinachoutafuna ni kauli ambayo kila mtumishi wa umma ameisikia: "Ni maagizo kutoka juu." Juu wapi? Kaagiza nani, lini, katika kikao kipi? Mambo yakiharibika, aliyeagiza kwa simu haonekani. Aliyetekeleza ndiye anayesimamishwa kazi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya umma hupotea vivyo hivyo, na haki pamoja nayo. Basi, mtumishi, omba agizo kwa maandishi. Mwanafunzi na mwanaharakati, kabla ya kuuliza Serikali imeamua nini, ulizeni imeandikwa wapi. Kiongozi anayekataa kuandika anachoagiza anajua vema kwa nini anakataa.