Amana ya mikoko na wanaoibeba bila ujira

Ijumaa hii tumeona vyema tuzungumze na wasomaji wetu juu ya kazi isiyokuwa na mshahara wala cheo cha kutambia, ambayo watu wachache huifanya kwa niaba ya wengi: kazi ya kukaa katika kamati ya kulinda hori la bahari na mikoko yake. Mfano tunaouchukua ni wa karibu, ghuba ya Gazi katika Kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa.

Wazee wa pwani hawahitaji kuelezwa mkoko ni nini. Nyumba zetu zilisimama juu ya boriti zake, na fito na pau zilitoka humo humo. Majahazi yalisheheni boriti hadi Uarabuni na Ghuba kwa karne nyingi, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Huko Gazi pigo kubwa lilikuja miaka ya 1970, mikoko ilipofyekwa kwa ajili ya kuni za viwandani. Pakabaki tope jeupe lenye chumvi, na miti haikurudi yenyewe. Mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) walianza majaribio ya kupanda upya pamoja na wanakijiji, mche kwa mche. Yeyote aliyewahi kuzama magotini katika tope wakati wa bamvua anajua kuwa hilo si jambo la kupigia picha na kuondoka.

Kutokana na jitihada hizo ulizaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza rasmi mwaka 2013 ukivihusisha vijiji vya Gazi na Makongeni. Mikoko huvuta hewa ya ukaa na kuizika katika tope, ambamo hukaa muda mrefu kwa kuwa tope hilo halipitishi hewa na vitu haviozi upesi. Mradi unalinda hekta 117, na kila mwaka takriban tani 3,000 za hewa hiyo hupimwa na kuuzwa kwa watu na makampuni ya nje wanaotaka kufidia uchafuzi wao. Fedha zinazopatikana, ambazo tangu miaka ya mwanzo zimekuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka, zimeleta maji ya bomba, vitabu na ukarabati wa shule. Mwaka 2017 mradi ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2019 wenzao wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaanzisha wa kwao wenye hekta 460.

Wapo wanaouliza kama ni haki tajiri wa mbali achafue hewa kisha anunue utulivu wa moyo kwa mikoko ya maskini. Swali hilo ni zito, nasi hatulidharau. Lakini si swali la kumwangushia mjumbe wa kamati anayetoka kuvua alfajiri na jioni akaenda kikaoni.

Wajumbe hao huchaguliwa na wanakijiji wenyewe na hutumikia kwa kujitolea. Baraza la kijiji ndilo husema fedha ziende kwenye kisima au darasani, na kamati ndiyo hubeba lawama zikichelewa. Msitu wenyewe ni wa serikali, chini ya Huduma ya Misitu (KFS). Sheria ya mwaka 2005, na baadaye ile ya 2016, ndizo zilizofungua mlango wa jamii kushiriki kuusimamia. Hivyo mjumbe yuko kati ya afisa wa misitu, mtafiti, mnunuzi wa ng'ambo asiyemjua, na jirani anayetaka kuni za leo.

Hapo ndipo penye mtihani. Mjumbe akimkuta mpwa wake anatoka korongoni na mzigo wa fito za mkandaa, afanye nini? Akinyamaza, kijiji kizima kitasema sheria ni ya watoto wa watu wengine. Akisema, ndugu watamnunia hata kwenye maziko. Na mpwa huyo huenda hakukata kwa ulafi, amekata kwa sababu paa la mamaye linavuja na mbao za dukani hazikamatiki bei. Ndiyo maana tunausifu uamuzi wa mradi wa kupanda mivinje nje ya mikoko, ili mtu akikatazwa huku aonyeshwe kule. Kumkataza mwenye shida bila kumwonyesha njia ni nusu ya kazi, na ni ile nusu nyepesi.

Tumesikia mara nyingi watu wema wakikataa kuchaguliwa kwa hoja ya dini. Husema kuwa Mtume (S.A.W.) alimwonya sahaba wake Abu Dharr kuwa uongozi ni amana na huweza kuwa majuto Siku ya Kiyama. Ni kweli alimwonya. Lakini onyo hilo lilimbagua yule aliyeichukua amana kwa haki yake na akatekeleza yaliyo juu yake. Na Nabii Yusuf (A.S.) ndiye aliyeomba mwenyewe akabidhiwe maghala ya Misri, akijua kuwa njaa inakuja na kuwa yeye ni mlinzi mjuzi. Wema wote wakijitenga, viti havitakaa vitupu. Watavikalia wale walioona posho kabla ya kuona mikoko, nasi tutarudi barazani kulalamika kuwa kamati imeoza.

Juu ya posho tuseme wazi. Nauli ya mtu aliyetoka Makongeni kwa pikipiki na chakula cha siku aliyoacha nyavu zake si khiyana, mradi kiwango kimetangazwa mbele ya baraza. Khiyana ni kikao kinachoitishwa ili posho ilipwe.

Pia iko haja ya kuandika. Katika Suratul Baqara tumeagizwa tuandike madeni, madogo kwa makubwa, wala tusichoke. Kamati nyingi za pwani, na si za mikoko tu, zimevunjika si kwa wizi bali kwa kukosa daftari: fedha zilitumika vizuri, risiti zikapotea, na mwenye kitambi akaitwa mwizi. Hesabu zisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili au Kidigo, mbele ya wote. Anayesomewa hesabu kila mara hapati nafasi ya kubuni uvumi.

Nanyi wazazi, kila mjumbe anayejitolea ana nyumba inayojitolea pamoja naye. Mke huchelewesha chakula cha jioni. Na mjumbe akiwa mwanamke, mara nyingi huulizwa kikao gani kisichoisha hata Maghrib, swali asiloulizwa mumewe. Wanawake wa Gazi ndio waliojenga njia ya mbao ya kuwatembeza wageni katikati ya mikoko na kuiendesha wenyewe, kwa hiyo hakuna wa kutuambia kuwa hawaziwezi hesabu. Waume wachukue watoto jioni moja kwa mwezi, na vijana waliomaliza sekondari wapewe uandishi wa kamati sasa, wazee wakiwa bado wapo wa kuwaelekeza.

Makubaliano ya mradi yalifungwa kwa miaka 20, yaani hadi 2033. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule wa 2013 atakuwa na umri wa kuitwa barazani na kuulizwa kama yuko tayari.