Kutembelea mji wetu si anasa

Neno "utalii" linapotajwa, wengi wetu humfikiria mgeni kutoka Ulaya, kamera shingoni, akielekea Serengeti. Mwananchi hajioni katika picha hiyo. Mkazi wa Mbagala anaweza kupita karibu na Makumbusho ya Taifa kila siku kwa miaka 20, akienda na kurudi kazini, asiingie ndani hata mara moja. Ukimwuliza sababu atajibu kwamba hayo ni mambo ya wageni na ya wenye nafasi. Dhana hiyo ni potofu, na yafaa ipigwe vita.

Kuutembelea mji wako pamoja na rafiki zako, ukala chakula chake na kusikiliza habari zake, ni elimu. Tena ni haki ya kila mkazi. Lakini haki hiyo haina maana ikiwa mji wenyewe hauna mahali ambapo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kukaa, kupumzika na kula bila ya kuonekana mvamizi.

Jumamosi moja hivi karibuni nilitembea Dar es Salaam na wenzangu watatu waliotoka mikoani: mwalimu, muuguzi na fundi seremala. Sote ni watu wa mishahara ya kawaida. Tulianza alfajiri katika soko la samaki la Feri. Pale samaki hupangwa mafungu, dalali akapaza sauti, na wanunuzi wakapandishiana bei mpaka fungu lipate mwenyewe. Bei tunayoilalamikia Manzese na Tandika huanzia katika kelele zile. Anayeusikiliza mnada ule kwa nusu saa huelewa biashara ya samaki kuliko aliyeisoma katika taarifa.

Baada ya supu ya pweza na chapati tulikwenda Makumbusho, katika mtaa uliopewa jina la Shaaban Robert. Taasisi hiyo ilifunguliwa mwaka 1940, na ndiyo inayohifadhi fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey mwaka 1959 katika Bonde la Olduvai. Umri wa fuvu hilo unakadiriwa kuwa miaka milioni moja na laki saba na nusu. Mwalimu mwenzetu amelifundisha somo hilo darasani kwa miaka mingi, lakini hakuwa amepata kuyaona mahali pamoja mambo anayoyafundisha. Ni wanafunzi wangapi wa shule zetu walio katika hali hiyo hiyo?

Tukaifuata barabara ya Samora mpaka kwenye sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumikia jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Juu ya nguzo yuko mwenye bunduki. Mpagazi, aliyebeba risasi na unga kwa mamia ya maili, wengi wao wakifa kwa njaa na maradhi, hana sanamu pale juu. Kumbukumbu yake imo katika jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi kilichopiga kambi mahali hapo. Maelfu ya watu hulitamka jina hilo kila siku bila ya kujua kwamba wanawataja marehemu.

Karibu na bandari liko Boma la Kale, jengo la mawe ya matumbawe na boriti, lililojengwa katika miaka ya 1860 wakati Seyyid Majid wa Unguja alipoanza kujenga mji pembeni mwa kijiji cha Mzizima. Huko Kariakoo liko soko lililosanifiwa na Beda Amuli, Mtanzania, na kufunguliwa mwaka 1975. Liliungua Julai 2021, na hasara yake iliwafikia wafanyabiashara wa mikoa mingi. Kuuona mji kwa utaratibu huo, jengo baada ya jengo, ni kuona nani aliujenga, kwa jasho la nani, na kwa faida ya nani.

Chakula nacho ni sehemu ya elimu hiyo. Mchana tulikula wali na maharage kwa mama lishe, watu wanne na benchi moja, pamoja na makuli waliotusogezea nafasi. Alasiri tulikunywa kahawa chungu kwa kashata barazani Kariakoo. Jioni tulikwenda ufukwe wa Coco kula mihogo ya kukaanga yenye pilipili. Fedha tulizotumia watu wanne kwa chakula cha siku nzima hazikufikia gharama ya mlo wa mtu mmoja katika hoteli kubwa za pwani.

Hata hivyo, kutwa nzima tulikosa vitu vidogo ambavyo mgeni wa hoteli hasumbuki kuvitafuta: kivuli, kiti, maji safi na choo. Muuguzi alitembea mitaa mitatu akiuliza choo. Majengo mengi ya kale hayana hata kibao cha kumweleza mpita njia yaliyotokea pale. Na katika sehemu kadhaa za pwani mwananchi huiona bahari kupitia nafasi iliyobaki kati ya ukuta na ukuta, ingawa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufukweni.

Watakuwapo watakaosema kwamba mji unahitaji usafi na mpango. Hapana anayebisha. Lakini mpango ulio mzuri humpa mama lishe bomba la maji, paa na mahali pa kutupia taka, palepale wateja wake walipo. Kumwondoa na kumpeleka mahali pasipopita watu si mpango, ni kumficha tu. Mji uliosafishwa mpaka kabwela hana pa kulia chakula chake umekuwa sebule ya wageni.

Basi halmashauri za mji zijenge vyoo, zipande miti, ziweke mabenchi na vibao vya Kiswahili. Sheria ya ufukwe isimamiwe bila ya kumwogopa mwenye ukuta. Shule zipange safari za Makumbusho kama zipangavyo mitihani. Nasi wakazi tutimize wajibu wetu: tutenge siku, tualike wenzetu wa mikoani, tukawaonyeshe mji. Pahali pasipotembelewa na wenyeji hapana wa kupatetea siku ya kuuzwa.