Chama hubadilika, itikadi je?

KUHAMA chama nchini Kenya huhesabiwa kuwa usaliti ama njaa ya tumbo. Maisha ya marehemu Bildad Kaggia yanadhihirisha kuwa mizani hiyo ina kasoro.

Kaggia, mmoja wa mashujaa sita wa Kapenguria, aliingia Bunge mwaka wa 1963 kwa tiketi ya Kanu akiwakilisha Kandara. Kwa imani yake ya kijamaa, alishikilia kwamba maskwota wagawiwe mashamba ya walowezi bila malipo. Msimamo huo ulimgharimu wadhifa wa waziri msaidizi mwaka wa 1964. Mwaka uliofuata, Rais Jomo Kenyatta alimuuliza hadharani amejifanyia nini, ilhali waliofungwa pamoja naye walikuwa wamejijenga.

Mwaka wa 1966 alimfuata Jaramogi Oginga Odinga katika KPU. Katiba ikarekebishwa upesi ili waliohama warudi kwa wapiga kura, Kaggia akabwagwa. Mwaka wa 1968 alifungwa kwa kuhutubia mkutano usio na kibali, na mwaka wa 1969 akarejea Kanu. Alihama mara mbili: kwanza kwa itikadi, kisha kwa kubanwa.

Leo, Kifungu cha 194 cha Katiba ya 2010 humvua kiti mwakilishi wa wadi anayejiuzulu kutoka chama kilichomdhamini. Hata hivyo, sheria hulinda kiti tu, haipandi imani moyoni. Ni juu ya mpiga kura kumuuliza anayehama amebeba sera gani, wala si anamfuata nani.