Sule Kangangi alituachia swali, Matuga tuna nafasi ya kulijibu

Jumamosi ya tarehe 27 Agosti 2022, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, mwendesha baiskeli Mkenya alianguka akiwa katika kasi kubwa kwenye mbio za barabara za changarawe ziitwazo Vermont Overland, zenye urefu wa takriban kilomita 95. Ajali hiyo ikamtoa uhai. Jina lake lilikuwa Suleiman Kangangi, na wengi walimwita Sule. Alikuwa na umri wa miaka 33, nahodha wa Team Amani, mume na baba wa watoto watatu. Mola amrehemu.

Namtaja leo kwa sababu. Septemba 2025 jiji la Kigali liliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Tangu wakati huo swali moja limekuwa likizunguka barazani kwetu: mbona Mkenya akikimbia kwa miguu anaitikisa dunia, lakini akipanda baiskeli hasikiki? Wengine husema hatuna kipaji hicho. Wengine husema ni mchezo wa wazungu. Mimi nasema tuyatazame maisha ya Sule, jibu limo humo.

Sule alipitia Kenyan Riders, timu iliyokuwa na makao yake Iten, kule kule wanakojifua wakimbiaji wetu wa mbio ndefu. Baadaye akapata nafasi katika Bike Aid ya Ujerumani, timu ya daraja la tatu katika ngazi za kimataifa. Mwaka 2017 alimaliza wa tatu katika Tour du Rwanda, nyuma ya Joseph Areruya wa Rwanda na Metkel Eyob wa Eritrea. Tusiipite haraka orodha hiyo. Mbio zilipofanyika karibu na nyumbani, nafasi tatu za kwanza zilichukuliwa na Mnyarwanda, Mueritrea na Mkenya. Basi kipaji kipo. Linalokosekana ni jingine.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mchezo wa baiskeli unakwenda hivyo hivyo. Mwendeshaji hupata alama kwa kushiriki mbio zinazotambuliwa na shirikisho la dunia, na alama hizo ndizo zinazomfungulia mlango wa timu kubwa na kuipa nchi nafasi katika Olimpiki. Nyingi ya mbio hizo zipo Ulaya. Ili ufike huko unahitaji viza, na viza inataka barua ya mwaliko, taarifa ya benki, miadi ya ubalozi na subira. Mbio hazikusubiri. Kijana anaweza kuwa na miguu ya chuma, lakini siku ya mbio ikimkuta Nairobi akingoja pasipoti yake irudi, alama zake ni sufuri.

Mfano mwingine tunao hapa hapa nchini. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafunzwa baiskeli za milimani na Mkenya David Kinjah pale Kikuyu, pamoja na vijana wa kikundi cha Safari Simbaz. Baadaye Froome alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Tangu 2008 alikuwa akishindana kwa jina la Uingereza, nchi ya asili ya wazazi wake. Sitaki kumpunguzia jasho lake, kwa maana Tour de France haishindwi kwa pasipoti. Lakini vijana waliopanda vilima vile vile, nyuma ya mwalimu yule yule, hawakuwa na mlango kama wake.

Sule aliuona ukuta huo kwa macho yake. Akaingia katika mradi wa Amani, ulioanzishwa na mwanasheria Mikel Delagrange, na fikra yao ilikuwa nyepesi kuielewa: ikiwa sisi hatufiki kwenye mbio, mbio zije kwetu. Juni 2021 wakaandaa Migration Gravel Race katika nchi ya Wamaasai, siku nne, kilomita zipatazo 650 za vumbi, mawe na makorongo. Mmarekani Ian Boswell na Mholanzi Laurens ten Dam, watu waliowahi kushiriki Tour de France, walikuja wakapigwa na vumbi hilo pamoja na Wakenya na Waganda. Safari hii waliokata tiketi za ndege walikuwa wageni.

Kwa nini changarawe na si lami? Kwa sababu mbio za changarawe ziko wazi zaidi. Mtaalamu na anayejifunza huanza kwenye mstari mmoja, huhitaji kuteuliwa na timu ya taifa, na hakuna msafara mrefu wa magari ya kukusaidia. Pancha ni yako, cheni ikikatika ni yako. Tena barabara zenyewe hatuhitaji kuzijenga upya, kwani ndizo tulizonazo.

Hapo ndipo habari ya Sule inapogusa Matuga, ninakoandikia makala haya. Huku kwetu baiskeli ni punda wa kazi. Inabeba mitungi ya maji, makaa, madafu na makuti. Kutoka Kombani hadi mji wa Kwale barabara inapanda kutoka ukanda wa pwani hadi mgongo wa Shimba, mita mia kadhaa juu ya usawa wa bahari, na utamkuta kijana anaipanda na gunia la nazi juu ya Black Mamba isiyo na gia hata moja. Hakuna aliyewahi kumpima mapigo ya moyo. Hakuna aliyemwambia kwamba anachokifanya kila siku, wengine hukilipia ada na kukiita mazoezi.

Mazingira je? Mkongani na Kubo kuna njia za vumbi zinazopanda na kushuka. Tiwi kuna mchanga na miamba ya matumbawe. Kando yake ipo Hifadhi ya Shimba Hills, mahali pekee nchini ambapo palahala huishi porini. Na mwendo mfupi kutoka hapo ni Diani, ambako mgeni analala, anaota jua, kisha anarudi kwao bila kujua kwamba nyuma ya hoteli kuna watu na vilima. Mbio za siku moja au mbili zingempandisha mgeni huyo hadi vijijini, akanunua maji, chakula na kitanda kwa watu wasiokaa ufukweni.

Sheria haituzuii. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa serikali ya kaunti barabara za kaunti, utalii wa ndani na michezo pamoja na viwanja vyake. Yote matatu yamo mkononi mwa kaunti.

Najua kuna atakayeniuliza: watu hawana maji, wewe unazungumzia baiskeli? Swali ni la haki. Wala sisemi fedha za visima zihamishwe. Nasema barabara ile ile ya kijijini ikitengenezwa mifereji yake, itampitisha mama mjamzito kwenda hospitali, mkulima kwenda sokoni na, siku moja katika mwaka, waendesha baiskeli. Hofu yangu mimi ni nyingine. Nahofia mbio zitakazokuja kwa jina letu halafu sisi tukawa watu wa kupunga mikono kando ya njia. Kwa hiyo masharti yawekwe mapema: nafasi za bure kwa vijana wa kaunti, kundi la wasichana, na mashindano maalumu ya Black Mamba yenye zawadi ya maana. Mkenya Nancy Akinyi Debe ameendesha na Team Amani, kwa hiyo asije mtu akatuambia baiskeli si ya mtoto wa kike.

Kuna sharti jingine lisilopaswa kujadiliwa, nalo ni usalama. Sule alifariki mbioni. Kabla yake, mwaka 2014, Mkenya mwingine wa Kenyan Riders, John Njoroge Muya, alifariki akishiriki mbio nchini Ufilipino. Simlaumu mwandaaji yeyote. Mchezo huu una hatari yake hata pale penye kila kitu. Lakini mteremko wa kutoka Kwale kuelekea Kombani una matatu, malori na pikipiki, na breki za baiskeli zetu nyingi ni kiatu cha mwendeshaji. Bila barabara kufungwa, ambulansi kusimama tayari, kofia ngumu kwa kila mshiriki na fundi wa kukagua breki asubuhi, mbio hizo zisifanyike kabisa. Na upande wa Shimba, hakuna kupita njia za ndovu bila askari wa wanyamapori.

Kuanza kunaweza kuwa kudogo. Fundi mmoja wa baiskeli katika kila wadi akipewa vifaa na vijana kumi wa kuwafunza, Tsimba Golini, Waa, Tiwi, Kubo Kusini na Mkongani zitakuwa na vijana hamsini. Kati ya hao hamsini, si lazima atoke bingwa. Akitoka mmoja anayejua kufunga gurudumu vizuri na kufungua duka lake, kaunti haijapata hasara.

Vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti hufanyika kila mwaka, na mara nyingi viti vya vijana hubaki vitupu. Safari hii wenye baiskeli waende, waziegeshe nje ya ukumbi, waingie na kuuliza fungu la michezo limewekewa nini. Wasipokuwepo, wanajua wenyewe methali inasemaje.