Kwani Lugha ni Omena?

Kuna sentensi inanichosha: eti Wasuba "walimezwa" na Wajaluo. Kwani lugha ni omena? Mababu zao walivuka ziwa kutoka Uganda wakakaa Rusinga, Mfangano, Gwassi, hadi Muhuru kule Migori. Ndiyo, walioana na majirani na wakauza samaki kwa Dholuo. Hapo sina ubishi, mapenzi na soko havina kabila. Lakini Waadventista walipofungua misheni Gendia mwaka 1906, vitabu vyao vilikuwa vya Dholuo. Mtoto wa Kisuba akasoma na kusali kwa lugha ya jirani, halafu sisi tunasema aliichagua mwenyewe.

Leo kuna maeneo bunge mawili, Suba Kaskazini na Suba Kusini. Jina linaombewa kura kila miaka mitano, lugha imeachiwa wazee. Sera inataka watoto wadogo wafundishwe kwa lugha ya eneo, na ukifika Mbita utaambiwa lugha ya eneo ni Dholuo. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaiagiza serikali ikuze lugha za kiasili.

Simama pale kwenye sanamu ya Tom Mboya, Moi Avenue, uulize wapita njia kabila lake. Wangapi watasema Msuba?

Na msiniambie hili ni la Nairobi. Chekechea ziko chini ya kaunti. Homa Bay inaweza kuajiri walimu wanaoongea Olusuba Mfangano muhula ujao, wazee wa kuwasahihisha wakiwa bado hai.