Kabla Maji Hayajaja, Tujue Nani Yuko Shambani

Kila masika tunashukuru kwa mvua, na kila masika kuna ndugu zetu wa Bonde la Kilombero wanaohama usiku wakiwa na watoto mgongoni na godoro kichwani. Mvua za El Niño zilizoingia hadi mwaka 2024 zilikuwa kali zaidi. Tarehe 25 Aprili mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa watu 155 wamefariki nchini na zaidi ya 200,000 wameathirika. Bonde letu halikusalimika.

Wataalamu wa usafiri wana namna ya kujiandaa. Wanachora mtandao wa barabara kwenye kompyuta: kila njia panda ni nukta, na kila barabara ni mstari wenye kiasi cha magari unayoweza kupitisha kwa saa. Kisha wanauliza: watu wangapi wataondoka, saa ngapi, kwa chombo gani, kuelekea wapi? Programu inaonyesha mahali watakapokwama. Hesabu hizi si mchezo. Septemba 2005, kimbunga Rita kilipokaribia Houston, Marekani, watu zaidi ya milioni mbili waliingia barabarani kwa mkupuo. Katika jimbo la Texas wengi wa waliokufa hawakuuawa na upepo wala maji, bali walifia katika safari ya kukimbia.

Sisi hatuna foleni ya Houston. Shida yetu ni uchache wa njia. Kutoka Ifakara kwenda Lupiro, Mahenge au Malinyi unavuka Mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa mwaka 2018. Wanaokumbuka pantoni, na jinsi MV Kilombero II ilivyozama Januari 2016, hawahitaji kuelezwa thamani ya daraja hilo. Lakini katika hesabu ya mtandao daraja ni mstari mmoja tu. Ukikatika huo, au njia za kuliendea zikifunikwa, bonde linabaki vipande viwili. Upande wa Mlimba kuna barabara na reli ya TAZARA, basi.

Hata hivyo, hoja yangu kubwa si barabara. Ni watu.

Mtaalamu anayekaa Dodoma au Dar es Salaam atachukua takwimu za sensa na kuwaweka watu kwenye nyumba zao kijijini. Sisi tunajua kuwa masika nyumba hizo huwa nusu tupu. Mama, baba na mara nyingi watoto wako mpungani, kwenye dungu, wakipalilia na baadaye kuamia ndege. Maji yanapopanda, hesabu nzuri ya kompyuta itapeleka gari kwenye mlango uliofungwa kwa kufuli, wakati wenyewe wako kilomita kumi na mbili ndani ya tope, bila barabara yoyote iliyochorwa.

Chukua mfano wa kubuni. Shambani kuna watu 80. Kuna bodaboda nne, kila moja inabeba wawili, na kwenda na kurudi ni saa mbili. Kila mzunguko unatoa watu wanane. Mizunguko kumi ni saa ishirini. Mto haungoji saa ishirini. Kumbe mitumbwi miwili iliyofungwa mahali panapojulikana, na onyo la siku moja kabla, vinaweza kuwa na faida kuliko lori la msaada linalosubiri kwenye lami.

Wapo watakaosema hii ni kazi ya serikali. Ni kweli, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati hadi ngazi ya kijiji. Lakini kamati itajuaje kuwa bibi fulani hawezi kutembea na mwanawe yuko ng'ambo ya mto hadi Juni? Jumuiya ndogo ndogo inajua. Inakutana kila wiki na kuulizana nani hakuja na kwa nini. Hata Nuhu hakuambiwa ajenge tu kwa imani; alipewa vipimo vya safina kwa dhiraa.

Kwa hiyo napendekeza kila jumuiya, kabla ya masika, iandike nani atakuwa shamba gani, njia ya kutokea ni ipi, mtumbwi uko wapi na simu inashika wapi. Waandikwe majirani wote, Waislamu na wasiosali kabisa, kwa sababu maji hayaulizi cheti cha ubatizo. Daftari likae kwa mwenyekiti wa jumuiya na kamati ya kijiji tu. Orodha ya nyumba zisizo na watu ni zawadi kwa mwizi.

Nanyi mafrateri mnaokwenda likizo, chukueni simu zenu mkachore hizo njia za shambani. Tangu 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayofurika. Njia ya kwenda mpungani haina ugumu zaidi.

Na ufunguo wa ukumbi wa parokia, kama ukumbi uko mahali palipoinuka, ukae kwa mtu anayelala jirani nao, si kwa katibu ambaye naye yuko ng'ambo anaamia ndege.